Himaya na Mawanda: Jinsi Ndege Mbuai Wanavyotumia Ardhi Wakati wa Kuzaliana

Alfajiri kandokando ya Ziwa Naivasha, kabla jua halijapanda juu ya migunga, furukombe dume hutupa kichwa chake cheupe nyuma hadi utosi ukakaribia kugusa mgongo, kisha hupasua ukimya kwa mlio ambao kila aliyewahi kulala karibu na maji ya Afrika anaufahamu. Jike aliyetua mti wa pili hudakia kabla mlio wa mwenzake haujaisha. Mita mia chache mbele jozi nyingine hujibu, halafu nyingine, mpaka sauti inazunguka ufuo mzima. Mgeni huisikia kama salamu ya asubuhi. Furukombe wanatangaziana mipaka, kwa maana kila jozi pale ina kipande chake cha ufuo na kila jirani anajua kinapoishia.

Ndege mbuai ni wale wanaoishi kwa kuwinda au kwa kula mizoga, wakitegemea makucha au mdomo uliopinda: tai, mwewe, kipanga, kozi, pungu, tumbusi, na usiku bundi. Miezi mingine ya mwaka wengi wao wanaweza kukifuata chakula popote kinapokwenda. Wakitaga, hali hubadilika, kwa sababu kiota hakihami. Windo liko kule, kinda yuko hapa, na kila kilichokamatwa lazima kibebwe mpaka hapa, kikiwa chepesi au kizito, jua likiwaka au mvua ikinyesha. Matumizi yao ya ardhi katika miezi hiyo yanaanzia kwenye kifungo hicho.

Ili kuyaeleza, wataalamu hutenganisha mambo mawili, nami nitayaita himaya na mawanda. Himaya ni sehemu ambayo ndege huilinda: akiingia mwingine wa aina yake, atafukuzwa. Neno lenyewe linabeba maana hiyo, kwani ni la shina moja na kuhami. Mawanda ni eneo lote ambalo ndege huyo hulitumia katika maisha ya kila siku, alilinde asililinde: anapowinda, anapopumzika, anapooga, anapozunguka kupanda na hewa ya joto. Mwaka 1920 Mwingereza Eliot Howard alitoa kitabu kiitwacho Territory in Bird Life, na tangu hapo himaya ikawa somo kubwa katika elimu ya ndege. Aliyesisitiza kwamba himaya na mawanda si kitu kimoja alikuwa mtaalamu wa mamalia wa Marekani, William Henry Burt, mwaka 1943. Burt aliandika kuhusu mamalia, ila kwa ndege mbuai tofauti hiyo inaonekana waziwazi zaidi. Yuko tai ambaye himaya yake inakaribia kulingana na mawanda yake, na yuko tumbusi ambaye himaya yake haizidi meza ya chakula ilhali mawanda yake yanavuka mpaka wa nchi mbili.

Kwa nini mmoja alinde yote na mwingine asilinde karibu chochote? Maelezo ambayo yamedumu yalitolewa mwaka 1964 na Jerram Brown, Mmarekani: kulinda kuna gharama. Ndege hutumia muda, hupoteza nguvu, hujiweka katika hatari ya kujeruhiwa. Gharama hiyo hulipika tu pale ambapo kinacholindwa kipo kwa uhakika, kinatosha, na eneo lake si kubwa kiasi cha kumshinda mlinzi kulizunguka. Mnyama anayeishi kwenye mwamba uleule mwaka mzima ni mali inayolindika. Mzoga wa nyumbu aliyekufa leo hapa na kesho kilomita 50 kaskazini haulindiki, na ndege anayejaribu kuilinda nyika nzima kwa ajili yake atakufa njaa akiwa kazini.

Vilima vya Matobo

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua uko kusini mwa Zimbabwe, karibu na Bulawayo. Vilima vya Matobo ni majabali ya itale yaliyorundikana moja juu ya jingine kana kwamba yalipangwa kwa mikono. Ndani ya nyufa zake wanaishi pimbi wa aina mbili, na juu ya kuta zake wanaishi tai weusi, Aquila verreauxii: ndege wa rangi ya makaa, mwenye alama nyeupe mgongoni inayoonekana anapogeuka angani, na mabawa ambayo yakikunjuliwa hufikia mita mbili. Mwaka 1964 watazamaji ndege walianza kuwahesabu tai hawa jozi kwa jozi. Kazi hiyo ikaja kushikwa kwa miaka mingi na Valerie Gargett, ambaye mwaka 1990 alichapisha kitabu The Black Eagle. Utafiti ulifanywa kwa miguu na darubini, watu wakipanda mawe na kukaa saa nyingi wakitazama.

Walichokikuta ni msongamano usio wa kawaida kwa tai wakubwa namna hiyo. Jozi zipatazo 60 ziliishi katika eneo la takriban kilomita za mraba 620, yaani kila jozi ilikuwa na wastani wa kilomita za mraba 10 hivi. Sababu ilikuwa ndani ya nyufa za mawe. Zaidi ya tisa katika kila mawindo kumi walikuwa pimbi, na pimbi hahami. Huota jua juu ya jabali lake asubuhi, hula nyasi na majani hatua chache kutoka hapo, na hatari ikija hukimbilia ufa uleule. Tai anayemiliki vilima fulani anamiliki ghala lenye milango anayoifahamu yote. Hapo kulinda kunalipa, na ndiyo maana himaya za tai hawa zinagusana kama mashamba ya kijiji, na mawanda ya kila jozi hayatoki mbali nje ya mipaka hiyo.

Ukitaka kuujua mpaka, mtazame mwenye nyumba anapougusa. Tai mweusi aliyeona jirani anakaribia hupanda juu, hukunja mabawa, huanguka kama jiwe, kisha hufungua mabawa na kasi ileile humrudisha juu. Hurudia mara kadhaa, akichora mawimbi angani. Jirani upande wa pili hufanya vivyo hivyo. Dakika chache baadaye kila mmoja hurejea kwake, na hakuna unyoya uliodondoka. Mtazamaji mvumilivu akiziweka alama sehemu hizo kwenye ramani, siku kwa siku, hupata mstari.

Hesabu za Matobo ziliendelea hadi kufikia miaka 31, na ndani yake kuna jambo la kumfundisha yeyote anayedhani kwamba himaya ni ya kulelea watoto tu. Katika miaka ya mvua nyingi, jozi zilizotaga zilipungua. Tai hawakuhama, walibaki kwenye vilima vyao, wakalinda mipaka yao, wakangoja. Ndege anayeweza kuishi miaka mingi hana haraka ya mwaka mmoja. Akiiacha himaya kwa sababu ya msimu mbaya, kuipata tena huenda kusiwezekane maishani mwake.

Mambo hayohayo yalionekana mbali sana na Matobo, kwa ndege wa usiku. Katika msitu wa Wytham, karibu na Oxford, H. N. Southern aliwafuatilia bundi wa kahawia kwa zaidi ya miaka kumi tangu 1947. Bundi hao huishi himaya zao mwaka mzima na huzigombania zaidi wakati wa majira ya kupukutika majani, miezi mingi kabla ya kutaga, hasa kwa sauti. Mwaka 1958 panya walikuwa haba, na hakuna jozi hata moja iliyotaga. Hata hivyo himaya zilikaliwa. Huku kwetu mlio wa bundi humfanya mtu auwaze msiba. Pengine tungelala vizuri zaidi tukijua kwamba mara nyingi anachosema ni kumwambia bundi mwenzake asivuke ule mwembe.

Ukubwa unatoka wapi

Watu hupenda kuuliza tai fulani "ana eneo kubwa kiasi gani", kana kwamba jibu limeandikwa kwenye damu yake. Furukombe yule wa Naivasha anatosha kuonyesha kwamba sivyo. Kwake himaya hupimwa kwa urefu wa ufuo kuliko kwa upana. Palipo na samaki wengi, maji yanayoonekana kina chake na miti mirefu ya kutua, mita mia chache zinatosha jozi moja kulea. Mpeleke furukombe huyohuyo kwenye mto mwembamba wenye maji ya tope na atahitaji kilomita kadhaa za kingo zote mbili. Mwili ni ule ule, na kinachobadilika ni chakula.

Mwili nao una neno lake. Ndege mkubwa anahitaji nyama nyingi, na wanyama anaowawinda ni wachache kwa kila kilomita ya mraba kuliko panya au shomoro. Tai mkubwa kabisa wa savana, Polemaetus bellicosus, anayeweza kubeba sungura, kanga na hata kenge, huishi kwa wingi mdogo mno: jozi yake huweza kutumia mawanda ya karibu kilomita za mraba 100, na ndiyo maana hata hifadhi kubwa haiwezi kuwa na jozi nyingi za tai huyo. Watu wakiona tai mmoja tu katika safari ya siku nzima hudhani wamekosa bahati, kumbe wamepita katika nyumba ya mtu mmoja tangu asubuhi.

Katika nyanda za juu za Uskoti suala hili lilichimbwa zaidi kuliko mahali pengi. Mwaka 1964 Leslie Brown, aliyekuwa afisa kilimo nchini Kenya na mtazamaji wa tai maisha yake yote, aliandika pamoja na Adam Watson kuhusu tai dhahabu na chakula chao. Mwaka 1992 Jeff Watson na wenzake wakaongeza jambo lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza. Idadi ya jozi katika eneo ilifuata wingi wa mizoga ya kondoo na kulungu inayopatikana majira ya baridi. Idadi ya makinda waliolelewa ilifuata kitu kingine, yaani wingi wa wanyama hai, sungura na ndege wa vichakani, wakati wa kuzaliana. Kwa hiyo palikuwa na sehemu zenye tai wengi wasiozaa sana, na sehemu zenye tai wachache wanaozaa vizuri. Anayehesabu tai waliotua na kusema pale ni pazuri anaweza kuwa amehesabu mizoga tu.

Kisha kuna mahali pa kiota. Kozi hajengi, mara nyingi hutaga kwenye rafu ya mwamba. Pasipo na miamba, chakula hata kikijaa angani, mara nyingi hakuna jozi. Derek Ratcliffe, aliyewachunguza kozi wa Uingereza miaka mingi, alionyesha jinsi miamba ileile ilivyokaliwa kizazi baada ya kizazi. Siku hizi kozi hutaga kwenye majengo marefu ya London, kwa sababu jicho la kozi linaona jabali pale mwanadamu anapoona ofisi, na njiwa wa mjini wamejaa chini yake.

Upande wa pili kabisa wa tai mweusi yuko kipanga mdogo wa Ulaya, Accipiter nisus, ambaye Ian Newton alianza kumchunguza kusini mwa Uskoti mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kipanga huyu hula ndege wadogo, na ndege wadogo wako kila mahali. Anachokilinda ni sehemu ya msitu yenye kiota. Huko anakowinda, mawanda ya jozi mbalimbali hupishana bila ugomvi mkubwa. Hata hivyo viota havikutawanyika ovyo. Kwenye mabonde yenye ndege wengi vilitenganishwa na nusu kilomita hivi, na kwenye nyanda maskini za juu umbali ulifikia kilomita mbili. Newton aligundua pia kwamba misitu haikuwa sawa. Kulikuwa na vipande vilivyokaliwa karibu kila mwaka na kutoa makinda wengi, na vipande vilivyokaliwa mara moja moja, mara nyingi na ndege wachanga ambao hawakuwa na pengine pa kwenda.

Mume anawinda, mke analinda

Mawanda yanapochorwa kwa mwaka mzima huonekana kama doa moja tulivu. Ukiyachora juma kwa juma wakati wa kuzaliana, yanapumua. Ndege mbuai wengi wana majike wakubwa kuliko madume. Kwa kipanga wa Newton jike huweza kuwa na uzito mara mbili ya mwenzake. Kazi nazo zimegawanyika. Kabla ya kutaga jike huacha kuwinda taratibu na kukaa karibu na kiota akilishwa. Akiatamia, mawanda yake husinyaa hadi kuwa kiota na miti ya jirani, huku dume akibeba mzigo wa vinywa viwili, baadaye vitatu au vinne. Makinda wakishaota manyoya ya kutosha kujikinga na baridi na jua, jike naye hurudi mawindoni na mawanda ya jozi hutanuka tena. Kwa hiyo anayesema "tai hawa hutumia eneo la ukubwa huu" lazima aseme pia ni mwezi gani, na ni yupi kati ya wawili.

Tai wa msituni, Stephanoaetus coronatus, anaurefusha mzunguko huo kuliko wengi. Leslie Brown alifuatilia jozi moja huko Karen, pembezoni mwa Nairobi, kuanzia 1959. Jike huatamia kwa wiki saba hivi. Kinda hukaa kiotani zaidi ya miezi mitatu, na hata baada ya kuruka hubaki ndani ya himaya ya wazazi kwa miezi tisa hadi kumi na mmoja akiletewa perere, paa na kima. Hukaa mti wa kiota au wa jirani na kulia njaa mpaka mmoja wa wazazi atokee na mnyama. Windo zito mno kubebwa hukatwa vipande, na vipande vingine huachwa juu ya miti kwa siku zinazofuata. Kwa sababu hiyo jozi inayofanikiwa huzaa mara moja tu katika miaka miwili. Msitu wa jozi moja unalipia, katika kipindi hicho chote, tai mmoja mpya.

Siku hufika ambapo kinda yule yule, aliyelishwa kwa subira kiasi hicho, anatazamwa kwa jicho jingine. Wazazi huanza kumpita bila kumwangushia kitu, halafu humsogeza, halafu humfukuza. Hapo ndipo anapoijua himaya kwa upande wa nje.

Ugomvi na majirani

Vita vya kweli ni nadra, kwa sababu mwindaji aliyevunjika ukucha mmoja amepoteza riziki. Ulinzi huanza kwa njia za bei nafuu: kukaa juu kabisa ya mti mkavu, kifua cheupe kikionekana kutoka mbali, kuita, kuzunguka juu ya mpaka. Kisha huja yale mawimbi ya angani. Ni pale mvamizi anapokataa kuondoka ndipo wawili hukamatana makucha na kuanguka huku wakizunguka kama gurudumu. Kwa muda mrefu vitabu viliieleza picha hiyo kama mchezo wa mapenzi kati ya dume na jike. Mwaka 1993 Robert Simmons na John Mendelsohn walipitia taarifa zilizokusanywa kuhusu ndege mbalimbali na kuona kwamba mara nyingi ni ugomvi. Binafsi naona somo hilo ni zuri kwa sisi tunaoandika kuhusu wanyama: tulichokitaka kiwe mapenzi kilikuwa kesi ya mpaka.

Himaya hulindwa hasa dhidi ya wa aina moja. Leslie Brown alipokuwa akifanya kazi Embu, chini ya Mlima Kenya, aligundua kilima ambacho tai wa aina kadhaa walikuwa na viota vyao juu ya miteremko yake, akakiita Eagle Hill. Aliyewinda kima msituni, aliyewinda wanyama wa nyika tambarare, na yule mdogo mwepesi anayekamata ndege juu ya vilele vya miti, wote waliitazama miteremko ileile. Juu ya ramani himaya zao zilikaa moja juu ya nyingine kama shuka zilizokunjwa. Wasingeweza kukaa hivyo kama wangekuwa wanataka kitu kimoja.

Kuna wengine ambao mtazamaji wa kawaida hawaoni kabisa: ndege wazima wasio na himaya. Huzurura, hupita kimya pembezoni mwa mipaka, hukaa sehemu zisizofaa kwa kiota. Newton na Mick Marquiss walilithibitisha hilo kwa majaribio. Walipowaondoa vipanga waliokuwa wakizaliana, nafasi nyingi zilijazwa upesi na ndege wapya, na baadhi yao walitaga msimu uleule. Maana yake ni kwamba himaya ndiyo iliyokuwa ikiwazuia, wala si kukosa uwezo. Jambo hili lina hatari yake kwa wahifadhi. Hesabu ya viota inaweza kubaki ileile kwa miaka, kumbe wazururaji wanakwisha kwa sumu na nyaya za umeme. Kila mwenye himaya anayekufa anarithiwa, mpaka siku ambayo hakuna wa kurithi. Dalili ya mapema huonekana kwenye manyoya: unapokuta ndege wachanga, ambao bado hawajavaa rangi za utu uzima, wakiwa tayari wana viota, ujue foleni imekuwa fupi.

Kupima, na kulinda kilichopimwa

Gargett alitumia macho. Tangu miaka ya 1960 watafiti waliweza kufunga redio ndogo kwenye ndege na kumfuata kwa antena, na baadaye vikaja vifaa vya setilaiti na GPS ambavyo hutuma mahali alipo ndege mara nyingi kwa siku. Njia ya zamani ya kugeuza nukta hizo kuwa mawanda ni kuunganisha zile za nje kabisa kwa mstari, kama kamba inayozungushiwa vigingi. Ni rahisi, lakini safari moja ya mbali hupanua eneo na kuingiza ndani ziwa au mji ambao ndege hakuugusa. Njia nyingine hupima msongamano wa nukta, ikionyesha sehemu inayobeba nusu ya muda wake na sehemu inayobeba karibu wote. Ndege mmoja, kwa nukta zilezile, anaweza kupewa mawanda mawili yanayotofautiana sana.

Tofauti hiyo huwa si ya vitabuni tu panapojengwa mitambo ya upepo. Huko Afrika Kusini, ambako tai mweusi hukutana na mitambo hiyo, desturi ilikuwa kuchora duara kuzunguka kiota na kukataza ujenzi ndani yake. Duara ni rahisi kulichora na rahisi kulitetea mbele ya mwekezaji. Tai haruki kwa duara. Hufuata matuta na miteremko ambako upepo hupanda, akiacha tambarare iliyo karibu na kutumia ukingo ulio mbali, na Megan Murgatroyd na wenzake, wakitumia njia za tai waliofungwa GPS, walitengeneza ramani zinazotabiri wapi juu ya umbo la ardhi tai atapita. Kulinda mti wa kiota huku ukingo wa kuwindia ukijazwa mapanga ya mitambo ni kumwachia mtu kitanda na kumnyang'anya shamba.

Wasiolinda nyika

Wamebaki wale ambao hawana njia ya kulinda chakula chao. Kozi wa kijivu, Falco concolor, hutaga visiwani Omani, vikiwemo vya Daymaniyat karibu na Maskati, katikati ya joto kali ambalo ndege wengine wamelikimbia. Makinda wake huanguliwa wakati ndege wadogo wa kaskazini wanapoanza kushuka kuelekea Afrika, na riziki yote hupita angani juu ya bahari. Nani atagawa mipaka ya upepo? Kila jozi hulinda shimo lake chini ya mwamba na sehemu ndogo ya kuzunguka, na viota huweza kukaribiana. Makinda wakishakomaa, familia hizo huondoka na kupitia Afrika Mashariki hadi Madagaska.

Hata hivyo anayekwenda mbali zaidi kwa ajili ya kinda mmoja ni tumbusi wa Rüppell. Katika milima ya Gol, mashariki mwa nyika za Serengeti, tumbusi hawa hutaga yai moja moja kwenye kuta za mwamba, jozi baada ya jozi, kuta zikiwa zimepakwa chokaa na vinyesi vya miaka. Katika miaka ya 1960 na 1970 David Houston alichunguza ulishaji wao, na Colin Pennycuick aliwafuata angani kwa ndege nyepesi yenye mabawa marefu, akizunguka nao kwenye hewa ya joto ileile. Nyumbu wanapokuwa mbali, mzazi huondoka asubuhi hewa ikishapata moto na kwenda zaidi ya kilomita 100 kuutafuta mzoga, huku mwenzake akibaki na kinda. Corinne Kendall na Munir Virani, waliowafunga vifaa tumbusi wa Maasai Mara, walionyesha pia jinsi mawanda yao yanavyotoka nje ya hifadhi na kuingia malishoni mwa watu, ambako mzoga uliotiwa sumu kwa ajili ya simba huua makumi ya tumbusi kwa siku moja. Kinda aliye kwenye mwamba wa Gol, ndani ya eneo linalolindwa, anaweza kufa kwa sumu ambayo hakuila.

Mzazi aliyenusurika hurudi jioni kifuko cha shingoni kikiwa kimevimba kwa nyama. Amepita juu ya mamia ya tumbusi wengine, amekula nao bega kwa bega wakikwaruzana, hakuna aliyemwuliza anatoka wapi. Anashusha miguu kuelekea rafu yake, upepo unampeleka kando kidogo, anatua hatua mbili pembeni. Jirani anainua shingo na kumdonoa mpaka asogee.